Hanbun, Aoi: wamezaliwa siku moja, kliniki moja, wakachukua miaka 40 kuambiana

Bint Chumbageni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Najua humu Wakorea na Waturuki ndio wameshika usukani, na uzi wa tamthilia ya Kijapani ukiwekwa unazama bila mchangiaji hata mmoja. Mimi naleta hivyo hivyo. Angalizo mapema: nitasimulia mpaka mwisho, asije mtu akalalamika nimemharibia.

Inaitwa Hanbun, Aoi. Ni ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, na ilirushwa kuanzia tarehe 2 Aprili hadi 29 Septemba 2018. Vipindi 156. Msikimbie, kila kipindi ni dakika 15 tu, jumla saa 39. Kuna Waturuki mmewaangalia mara tatu ya hapo na hamkulalamika.

Tarehe 7 Julai 1971, kwenye kimji cha kubuni kiitwacho Fukuro, mkoa wa Gifu, wanazaliwa watoto wawili katika kliniki moja. Ritsu anatangulia. Suzume anafuata, kitovu kimemviringa shingoni. Kwao Ritsu wana studio ya picha, mtoto mtulivu, kichwa kinachemka, anataka kuwa mvumbuzi. Kwao Suzume wana mgahawa, mtoto domo kaya, akiwaza kitu kimeshamtoka. Akimtaka mwenzake anasimama chini ya dirisha, anapuliza filimbi mara tatu, anaita "Ritsu!" Dirisha linafunguka. Basi, mapenzi yenyewe ndiyo hayo. Kwa miaka mingi hamtapata zaidi ya dirisha.

Akiwa na miaka tisa Suzume anaugua matumbwitumbwi na sikio la kushoto linazima moja kwa moja. Mvua ikinyesha anaisikia upande wa kulia tu. Upande wa kushoto kwake kumekauka, mbingu nusu ni buluu, na jina la tamthilia limetoka hapo.

Sasa sababu ya kuleta uzi. Humu hakuna mama mkwe mwenye sumu, hakuna mtoto wa tajiri, hakuna aliyegongwa na gari akasahau jina lake. Kinachowakwamisha hawa wawili ni kwamba wamezoeana. Kila mmoja anaamini mwenzake ameshajua, kwa hiyo hakuna anayesema. Na siku wanaposema, wanasema vibaya.

Angalieni kituo cha treni cha Natsumushi. Suzume ameshahamia Tokyo na kuwa mchoraji wa katuni, Ritsu amesoma chuo huko huko, wamegombana, imepita miaka hawajaonana. Wanakutana kwenye kituo hiki kidogo kisicho na watu. Ritsu, ambaye siku zote hupima maneno kwa kijiko, anamuuliza waoane. Bila maandalizi, bila pete. Suzume ana kazi inayotoka kwa mfululizo, tarehe za mwisho zinamkaba. Anajibu hawezi. Kichwani mwake anamaanisha hawezi sasa hivi. Ritsu anasikia hawezi. Anaaga, anaondoka zake.

Huyu ni mtu aliyemjua tangu siku ya kuzaliwa, na ameshindwa kuelewa sentensi moja! Mtu baki angeuliza, "Huwezi kwa nini? Mpaka lini?" Ritsu hakuuliza kwa sababu hajawahi kuhitaji kumuuliza Suzume chochote. Baadaye inamfikia Suzume kadi ya posta kwamba Ritsu ameoa.

Nasema hivi: sijaona tamthilia nyingine iliyoelewa waliokua pamoja kwa kiwango hiki. Anayebisha aje.

mpigapasi

Vipindi 156 wanaitana dirishani? Dada, hicho ni kifungo na kazi ngumu juu.

Kisiki cha Kale

Dada Bint, umenikumbusha mbali. Nilisoma Nagoya, na Gifu ni mkoa wa jirani kabisa, unapanda treni asubuhi na jioni unarudi. Niongeze mawili matatu kwa wasiojua.

Hizi zinaitwa asadora, tamthilia za asubuhi. NHK wanazirusha tangu 1961, na hii ilikuwa ya 98. Zinaonyeshwa saa 2:00 asubuhi, watu wakiwa kwenye pilikapilika za kwenda kazini na shule, na ndiyo maana zina msimulizi. Mtu anakaanga yai huku anafuata hadithi kwa sikio. Kwenye hii msimulizi ni bibi yake Suzume, ambaye anafariki mapema tu, halafu anaendelea kusimulia akiwa marehemu bila wasiwasi wowote. Iliyovunja rekodi zote ni Oshin ya 1983 hadi 1984, vipindi 297, wastani wa watazamaji asilimia 52.6. Hii ya kina Suzume ilipata wastani wa asilimia 21.1 kwa Tokyo na mikoa inayoizunguka, na kwa televisheni ya zama hizi hiyo ni nyingi.

Mji wa Fukuro haupo, lakini mtaa mnaouona wenye maduka ya mbao upo. Ni Iwamura, uko ndani ya mji wa Ena, mji wa kale uliokua chini ya ngome. Barabara inapanda kidogo kidogo, nyumba zimebanana pande zote mbili. Na ule mkate wa wali wanaokula kila kipindi unaitwa gohei mochi. Wali unapondwa kidogo tu, punje zibaki, unabandikwa kwenye kijiti bapa cha mbao, unapakwa mchuzi wa miso au soya uliosagiwa jozi na ufuta, kisha unawekwa juu ya mkaa. Mchuzi unaanza kuungua pembeni na ile harufu inakufuata mpaka kituo cha basi. Ukila viwili huna haja ya chakula cha mchana.

Na hadithi yenyewe inasukumwa na huo mkate. Yule mchoraji maarufu wa katuni, Akikaze Haori, anamchukua Suzume awe mwanafunzi wake Tokyo. Binti anaaga kwao kwa machozi na fahari. Akifika anagundua mzee alichokitaka ni mtu wa kumpikia gohei mochi.

Jirani wa Kisauni

Salaam aleikum wote. Mimi niko Mombasa na swali langu ni la kipwani: hao wamezaliwa kliniki moja, siku moja, mama zao marafiki, sasa nani alimnyonyesha nani? Maana huku kwetu hadithi ingeishia kipindi cha pili. Haru, mama yake Suzume, anakwenda sokoni, mtoto analia, Wako, mama yake Ritsu, anamweka kifuani, kwisha habari. Hao ni ndugu wa kunyonya, ndoa haramu, tunafunga tamthilia.

Nasema kwa utani lakini si utani sana. Mtaani petu kuna watu wazima wawili, kila mtu alidhani wataoana, mpaka siku wazee walipokaa ndipo nyanya mmoja akakohoa na kukumbusha mambo ya zamani.

mpigapasi

@Jirani wa Kisauni nimecheka mpaka fundi mwenzangu kauliza kuna nini 😂😂

Mama Wawili

Nimeingia humu nikiwa na hasira zangu za mwaka 2018, samahanini.

Kila mtu anamsikitikia Ritsu na Suzume. Yoriko je? Kwa wasiojua, Yoriko ndiye mke wa Ritsu. Dada wa watu kaolewa Osaka kwa heshima zote, kazaa mtoto wa kiume, Tsubasa, nyumba inang'aa. Siku moja anafika mwanamke mlangoni kutoka Tokyo, na huyo ni Suzume, eti kaja baada ya kupata kadi. Halafu mama mkwe anaugua moyo huko Gifu, mume anahamia Nagoya peke yake ili awe karibu na mama yake, na Gifu hiyo hiyo nani karudi baada ya kuachika? Suzume na binti yake Kano. Nyumba zinatazamana. Jamani!

Mwandishi anatuonyesha Yoriko kama mtu mkavu, wa sheria nyingi, ili tusiumie sana ndoa ikivunjika. Mimi hapo nilikataa. Mtu ameolewa na mwanaume ambaye nusu yake imebaki dirishani anasubiri filimbi, unataka awe mchangamfu? Hajakosewa kwa kupigwa wala kutukanwa, kwa hiyo hana hata cha kushitaki kwa wazee. Hayo ndiyo mabaya zaidi.

Dada Bint, ukisema kizuizi chao ni mazoea, sawa. Lakini gharama ya hayo mazoea wamelipa watu wengine. Yoriko kalipa. Na yule Saya kalipa kabla yake.

Bint Chumbageni

@Mama Wawili karibu sana, na hasira zako ziko mahali pake. Saya nilimruka makusudi maana nilijua utakuja wewe.

Wenzangu, Saya ni msichana wa upinde na mshale ambaye Ritsu alimwona akiwa sekondari, wakapotezana, wakakutana tena Tokyo. Anakuwa mpenzi wake. Mpenzi huyu anakuta chumbani picha ya utotoni ya Ritsu, Suzume na wenzao, na anaona kabisa kwamba nafasi yake imeshakaliwa. Anamwambia Suzume amwachie. Suzume, ambaye hajawahi kujitangaza kuwa anampenda Ritsu, anafoka kwamba Ritsu ni wake. Ritsu ndiye anayelazimika kuchagua, na anachagua kumwacha rafiki.

Wanaachana tarehe 7 Julai, siku yao ya kuzaliwa, ambayo Japani ni Tanabata: sikukuu ya nyota mbili zilizopendana, zikatenganishwa na mto wa mbinguni, zikaruhusiwa kuonana mara moja kwa mwaka. Siku hiyo watu huandika matakwa yao kwenye vipande vya karatasi na kuvining'iniza kwenye mwanzi. Suzume ameshaachwa, macho yamevimba, na karatasi yake anaandika: Ritsu afanikiwe kuvumbua roboti. Hakuomba arudi.

Kwa hiyo Mama Wawili, nakubali Yoriko kaonewa. Nakubali pia kwamba mwandishi kampaka ukavu kwa sababu ya kuturahisishia. Lakini siamini kwamba wale wawili walikuwa wanajua wanachofanya. Kama wangejua wangeoana wakiwa na miaka 20, na kina Saya na Yoriko wangepata waume wazima.

Nyuki wa Tabora

Mimi sikio langu la kulia halisikii tangu nikiwa darasa la pili, kwa hiyo niruhusuni nizungumzie lile ambalo wengine mnalipita.

Kwenye daladala nakaa kulia, dirishani, ili sikio zima liwe upande wa watu. Siti hiyo ikiwa na mtu narudi nyuma. Harusini nachagua kiti kabla ya kuangalia chakula. Ukiniita barabarani nitasikia jina langu lakini sijui limetoka wapi, nitageuka pande zote mpaka watu wacheke, na honi ya pikipiki ni hivyo hivyo, naisikia ila sijui inatokea nyuma au ubavuni. Kwenye kelele, mtu akikaa upande wa kulia na kunong'ona, ananong'oneza ukuta.

Tamthilia nyingi zikiweka mtu mwenye ulemavu, kipindi cha katikati lazima apatikane daktari bingwa kutoka nje, apone, watu walie. Suzume haponi. Mpaka ana miaka 40 sikio ni lile lile. Analitania, anachezea sauti zilizomo ndani yake, siku nyingine linamuudhi, maisha yanaendelea. Nilipokuja kujua kwamba mwandishi mwenyewe, Kitagawa Eriko, alipoteza usikivu wa sikio la kushoto mwaka 2012 kwa sababu ya uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, nikaelewa kwa nini hakukosea hata kidogo. Naye kwao ni Gifu.

Na hapo ndipo Ritsu alinimaliza. Zawadi ya siku ya kuzaliwa anayompa mwishoni ni mwavuli ambao matone ya mvua yakigonga yanatoa sauti nzuri. Hakumletea dawa, hakumletea mashine ya kusikia. Mvua ya upande mmoja ameifanya ipendeze.

Kisiki cha Kale

@Nyuki wa Tabora mkuu, asante. Huyo Kitagawa ndiye aliyeandika Long Vacation ya 1996, moja ya tamthilia za mapenzi zilizotikisa Japani miaka ile. Kwa hiyo mapenzi ya kuzungukana hakuanza jana.

fundi_feni

Nimevutwa na mke wangu, yeye ndiye mtazamaji, mimi nilikaa kwa sababu ya feni.

Maana mwishoni hawa wawili wanafungua ofisi yao ndogo Tokyo, Suzume ameachana na mumewe aliyemkimbia kwenda kutafuta ndoto ya filamu, Ritsu ameacha kazi kwenye kampuni kubwa, na wanahangaika kutengeneza feni yenye upepo kama wa nje. Mtu wa kawaida anaona ni hadithi tu. Kumbe wazo lenyewe lipo duniani. Kampuni ya Balmuda ya Japani ilitoa feni yao ya GreenFan mwaka 2010. Badala ya mapanga ya kawaida, ina safu mbili kwenye mhimili mmoja, za ndani na za nje, kila safu inatupa upepo kwa kasi yake. Pepo mbili zikikutana, ule mzunguko unaovunja kichwa kwenye feni zetu unakufa, na upepo unakufikia mpana na laini. Pangaboi la kawaida linakupiga mafundo mafundo, ndiyo maana ukilala chini yake usiku kucha asubuhi shingo imekaza.

Kwenye tamthilia wanajaribu, wanashindwa, wanaelekeza feni ukutani kuona upepo unarudi vipi. Mambo ya karakana kabisa. Mke wangu analia kwa sababu ya mapenzi, mimi nataka kusimamisha picha nione mapanga yana pembe ngapi.

Mwanakikwajuni

Uzi mtamu, ila kuna sifa zinazidi. Mimi niliimaliza na nina malalamiko.

Moja, Suzume ni mbinafsi. Anafokea watu, anavunja kazi za wengine, kisha tunaambiwa ni mchangamfu. Pili, mwisho umekimbizwa. Miaka 17 ya utoto na ujana inasimuliwa taratibu, halafu wiki za mwisho: talaka, msiba wa mama yake Ritsu, kuhamia Tokyo, tetemeko la Machi 2011, feni, mapenzi, vyote vimesukumwa mlangoni kwa pamoja. Yuko, rafiki yake Suzume na muuguzi wa Sendai, anakufa kwenye ile tsunami na baada ya siku chache za vipindi tuko kwenye sherehe ya kuzindua feni. Wapo Wajapani wengi waliokwazika na hilo, siyo mimi peke yangu.

Nakiri waigizaji wamebeba. Nagano Mei amezaliwa 1999, alipatikana kwa usaili wa watu zaidi ya 2,000, na akaanza hiyo kazi bado hajafika miaka 20. Anacheza mtoto wa sekondari na mama wa miaka 40 mwenye binti. Satoh Takeru, huyo Ritsu, ni wa 1989. Miaka kumi kati yao na hutaiona.

Bint Chumbageni

@Mwanakikwajuni kuhusu ubinafsi wa Suzume sikupingi, mie nampenda nao huo huo. Kukimbizwa mwisho pia nakubali, duka la bei moja alikofanya kazi lingepunguzwa wiki mbili tukapewa msiba nafasi yake.

Kwa Yuko tutatofautiana. Kabakia hospitali na wagonjwa wasioweza kukimbia, na kaacha sauti kwenye simu. Suzume akishaisikia ndipo anapoacha kuahirisha. Alikuwa ameahirisha tangu kituo cha Natsumushi. Bila hiyo sauti, Ritsu na Suzume wangekuwa bado wanapulizia filimbi wakiwa na meno ya bandia.

mpigapasi

Basi nimeanza. Niko kipindi cha 12. Huyo mtoto kaumwa matumbwitumbwi na yule mwenzake kabaki analia yeye, mgonjwa ndiye anayembembeleza mzima. Nimelazimika kuzima pasi.

Nina swali moja, naombeni jibu fupi maana maandishi ya Kiingereza chini ya picha yananichosha macho: mwisho wanaoana au hawaoani?

Bint Chumbageni

Harusi hatuonyeshwi. Tarehe 7 Julai 2011, wanatimiza miaka 40, kuna sherehe kwenye mgahawa wa kwao Suzume, na safari hii anayeandika karatasi ya Tanabata ni Ritsu: Ritsu aweze kumpa Suzume furaha. Kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Mama Wawili

Na Yoriko aandikiwe ya kwake. Sijasamehe.

Jirani wa Kisauni

Na suala la kunyonya bado halijajibiwa.

mpigapasi

@Bint Chumbageni dada nilisema jibu fupi. Ngoja niendelee na cha 13, mkaa umeshapoa hata hivyo.